Stima Hupotelea Njiani

  Leo tuongee stima. Bei ya tokeni tuiache, hiyo ina kikao chake. Ninachotaka tukitazame ni huku kupotea kwake: kwa nini leo inapotea kijiji kimoja, kesho upande mmoja wa barabara, na siku nyingine inapotea nchi nzima, kutoka Lunga Lunga mpaka Busia, kabla hujamaliza kuuliza nani amezima taa.

Nina sababu ya kulileta jambo hili hapa. Kwa miaka kadhaa wadi ya Matsangoni imetajwa katika mikutano mikubwa ya kawi ya nchi hii. Haikutajwa kwa kuwa transfoma zetu zimechoka. Ilitajwa kwa kuwa Uyombo ilipendekezwa kujengewa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000. Tutafika huko. Lakini kwanza tuanzie kwenye nguzo iliyo nyuma ya nyumba, maana huko ndiko stima inakopotea mara nyingi zaidi, na huko hakuna waziri anayetoa taarifa.

Nenda ukasimame karibu na transfoma yoyote ya kijijini mwendo wa saa moja na nusu jioni. Usiguse nguzo, simama kando tu. Utasikia inavuma. Mchana mvumo huwa wa chini, jioni unapanda, kwa sababu taa zote zimewashwa, televisheni ziko kwenye taarifa ya habari, kinyozi ana foleni, fundi wa kuchomelea anamalizia geti la watu, na friji zote za samaki zinahangaika kugandisha kwa wakati mmoja. Transfoma ile pengine iliwekwa kwa ajili ya shule, zahanati na maduka machache. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa Last Mile: ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma wakalengwa kuvutiwa waya. Ulikuwa mpango mzuri, nami sitausema vibaya. Watoto wengi wa Kilifi waliachana na koroboi kwa sababu yake. Lakini kuvuta waya ni rahisi kuliko kuongeza nguvu ya kilicho nyuma ya waya. Nyumba ziliongezwa, na kila nyumba ikaja na pasi, friji na birika lake, huku sehemu nyingi transfoma ikibaki ni ileile.

Matokeo yake wanayajua walio mwisho wa laini. Badala ya volti 240 zinazotakiwa, wao wanapata mabaki. Taa inakuwa nyekundu, televisheni inajizima na kujiwasha, friji inanguruma usiku kucha na asubuhi samaki hawajaganda. Watu husema stima ni ndogo, na kwa kweli ni ndogo. Siku mzigo ukizidi mno, fyuzi ya juu ya nguzo inakatika, na hapo ndipo upande mmoja wa njia unabaki gizani huku jirani akiendelea kutazama mpira. Mnaanza kusema yule jirani ana mtu wake Kenya Power. Hana mtu. Ana fezi nyingine. Laini kubwa hubeba nyaya tatu za umeme, nyumba hugawanywa kati ya hizo tatu, na fezi yako ikikatika wewe unalala mapema.

Kisha kuna mambo ya Pwani yenyewe, ambayo mtu wa Nyeri hayajui. Bahari hutuma chumvi. Inasafiri na upepo, inatua juu ya vile vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya zisigusane na nguzo, na miezi ya kaskazi isiyo na mvua inachanganyika na vumbi hadi inakuwa utando. Utando huo ukiwa mkavu hauna neno. Mvua kubwa ikinyesha inauosha, hauna neno pia. Hatari ni manyunyu. Manyunyu ya kwanza, yale ambayo hata mtu hafungui mwavuli, yanalowesha chumvi bila kuiosha, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Unasikia mlipuko, unaona mwali wa bluu, na laini nzima inajikata. Ndiyo sababu watu wa Pwani husema stima inaogopa mvua hata kabla mvua haijanyesha. Dawa yake inajulikana: vikombe kuoshwa kabla ya msimu, au kubadilishwa viwekwe vya aina inayokataa maji. Hiyo ni kazi ya ratiba na bajeti, haihitaji mtambo mpya wa kuzalisha umeme.

Minazi nayo tusiisahau. Kuti moja lililokauka likianguka juu ya nyaya mbili, imekwisha. Mafundi wakija kukata miti inayokaribia laini, mwenye shamba anatoka na panga lake, na simlaumu kabisa, kwa sababu mnazi ni mali: una nazi, una makuti, una mgema anayeupanda asubuhi na jioni. Lakini mnazi uliopandwa chini ya laini baada ya laini kupita, huo ni ubishi tu.

Na kuna wizi. Ndani ya transfoma mna mafuta, na kazi yake ni kupoza na kutenganisha nyaya zilizosukwa ndani. Yakifyonzwa usiku, transfoma inapata joto na kuungua, na kijiji kinaweza kukaa gizani siku nyingi kikingojea nyingine. Mafuta hayo yanakwenda wapi? Kwa miaka mingi imeripotiwa nchini kwamba mengine huishia kwenye karai za chipsi za kando ya barabara, kwa sababu hayaishi haraka kama mafuta ya kupikia. Msikilizaji, yale si mafuta ya kula. Yana sumu, hasa yale ya transfoma za zamani. Ukiona chipsi mahali fulani ni za bei ya chini kuliko viazi vyenyewe, uliza maswali.

Haya yote ni ya kijijini. Sasa tupande juu kidogo, tuulize stima ya Pwani inatoka wapi.

Hapo zamani ilikuwa yetu wenyewe. Historia ya umeme nchini inaanzia kwenye jenereta ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 ili kumulika jumba lake la kifalme na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaipata na kuileta Mombasa. Kwa hiyo tukisema umeme wa Kenya ulianzia Pwani hatujisifu bure. Baadaye ikaja mitambo ya Kipevu, kisha ule wa Rabai wa megawati 90. Yote hiyo huchoma mafuta mazito, na mafuta ni ghali, kwa hiyo nchi ilipopata mvuke wa Olkaria, maji ya Tana na upepo wa Turkana, sisi wa Pwani tukawa mwisho wa laini ndefu. Umeme wetu mwingi sasa unasafiri mamia ya kilomita kutoka bara, unapokelewa Rabai, kisha unagawanywa: mwingine unashuka Mombasa na Kwale, mwingine unapanda kaskazini kwenda Kilifi, Malindi, Garsen hadi Lamu. Hebu fikirini: maji ya Mto Tana yanapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakizungusha mashine, kisha yanakuja kumwagika baharini Kipini, kwetu. Umeme wake ndio unaozunguka njia ndefu kabla ya kutufikia.

Aliye mwisho wa laini ndefu ana shida mbili. Ya kwanza ni kwamba msukumo wa umeme hupungua njiani, ndiyo sababu jioni mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai huwashwa hata kama bara kuna umeme wa bei nafuu. Inasaidia kuinua volteji ya huku. Ya pili ni kwamba chochote kikiharibika kati ya hapa na bara kinatuhusu. Majirani zetu wa Unguja wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Umeme wao ulipita chini ya bahari kwa kebo kutoka bara hadi Fumba. Mei 2008 ukakatika karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Maji ya bomba yaliadimika kwa kuwa pampu zilisimama, na aliyekuwa na jenereta ndiye aliyekuwa na duka. Kebo mpya ya megawati 100 ilikuja mwaka 2013. Wakati wote huo wa giza, Tanzania Bara mitambo ilikuwa inazunguka. Umeme ulikuwapo. Njia ndiyo haikuwapo.

Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia mpaka mnichoke: mara nyingi stima haikosekani kule inakotoka, inapotelea njiani.

Mtaniuliza: na Langobaya je? Tangu Desemba 2021 pale Langobaya, ndani kidogo kutoka Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40. Jua linawaka, paneli zimejipanga hadi macho yanachoka, na bado umeme wa nchi ukikatika saa sita mchana, Malindi nayo giza. Watu wanaona kama dhihaka. Lakini mitambo kama ile huufuata mpigo wa gridi. Gridi ikinyamaza, nayo inanyamaza, kwa usalama wa mafundi walio juu ya nguzo na kwa sababu peke yake haiwezi kushika mdundo. Ili Langobaya isaidie wakati wa giza, ingehitaji betri kubwa na vifaa vya kuiruhusu kuanza peke yake. Na mahitaji yetu makubwa ni ya jioni, jua likiwa limeshalala. Betri zingesaidia hapo pia. Mtu akija na mpango wa betri kubwa Kilifi, mimi nitampigia kura hata kama hagombei.

Sasa tufike kwenye lile giza la nchi nzima. Ili kulielewa, mfikirie kijana wa mkokoteni anayepandisha mitungi ya maji mlimani, na wenzake wanne wanasukuma nyuma. Wakisukuma kwa pamoja, mkokoteni unakwenda mwendo mmoja. Mmoja akiteleza ghafla, wanaobaki wana sekunde chache: ama waongeze nguvu, ama washushe mitungi kadhaa, ama mkokoteni uwarudie wote. Gridi ndivyo ilivyo. Umeme unaotengenezwa na unaotumiwa lazima vilingane kila sekunde. Kukosa ulinganifu kunaonekana kwenye mpigo wake, ambao kwetu ni mara 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mpigo unashuka. Kuna vifaa vinavyokata baadhi ya maeneo vyenyewe ili kuokoa yaliyobaki, hiyo ndiyo mitungi inayoshushwa. Visipotosha au vikichelewa, mitambo mingine inajitoa mmoja mmoja ili isiharibike, na baada ya muda mfupi hakuna uliobaki.

Nani huteleza? Tarehe 7 Juni 2016 alikuwa tumbili. Alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajikata, na zaidi ya megawati 180 zikapotea, nchi ikazima. Kampuni ya KenGen ilitangaza kwamba tumbili alipona. Dunia nzima ilicheka, na sisi tulicheka, lakini gridi ya taifa kuangushwa na tumbili si habari ya tumbili. Ni habari ya gridi isiyokuwa na akiba ya kutosha ya kuziba pengo la mtambo mmoja.

Tarehe 11 Januari 2022 ikawa zamu ya vyuma. Minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka huko Nairobi, nchi ikazima, na ikasemwa kwamba vyuma vyake vilikuwa vimefunguliwa na kuibwa. Mameneja kadhaa wa Kenya Power walikamatwa, na mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Mnara wa umeme unafunguliwa bolti baada ya bolti na hakuna anayepita kuukagua. Hapo huhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kukueleza kilichoharibika.

Kisha Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, saa nne kasorobo usiku. Hili lilikuwa kubwa. Sehemu nyingine zilikaa gizani karibu siku nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza na abiria wakiwa ndani, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi. Sasa sikilizeni sababu. Kenya Power ilisema umeme wa Ziwa Turkana, mashamba yale ya upepo, ulitoka ghafla ukiwa na megawati 270. Wenye mitambo ya Turkana wakajibu kwamba wao ndio waliolazimika kujitoa, kwa sababu volteji ya gridi ilipanda kupita kiasi. Kila mmoja akamwonyesha mwenzake kidole. Na kupanda kwa volteji si kisingizio cha kubuni. Tarehe 28 Aprili 2025 Uhispania na Ureno zilizima zote mchana kweupe, na volteji kupanda ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu. Tofauti ni kwamba Uhispania, hata miezi miwili haijaisha, serikali ilikuwa imetoa ripoti ndefu inayofuata tukio sekunde kwa sekunde. Sisi tumezoea taarifa ya aya tatu kwenye simu, inayoanza na "wateja wetu wapendwa".

Novemba na Desemba ya mwaka huohuo wa 2023 nchi ikazima tena. Mwaka 2024, Septemba 6, karibu saa tatu asubuhi, laini ya Loiyangalani ilijikata pale kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za Turkana. Mara ileile laini kubwa inayotuletea umeme wa Ethiopia, ambayo nayo inaishia Suswa, ikajitoa na megawati 200 nyingine. Jumla 488. Mkokoteni ukarudi.

Tuitazame hiyo Turkana vizuri, kwa sababu ina somo linalotuhusu. Ni mitambo 365 ya upepo, megawati 310, mradi wa kujivunia. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuutoa umeme huo hadi Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkandarasi wa Kihispania alifilisika katikati ya kazi, na fidia za ardhi zikaleta mvutano. Upepo ukavuma, mitambo ikasimama, na nchi ikadaiwa malipo ya umeme ambao haukuweza kutufikia. Laini ilipokuja, ikawa ni njia moja inayobeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Ikiteleza huko jangwani, anayeanguka ni aliye Gongoni, huku kwetu Pwani.

Wataalamu wa gridi wana kanuni ya siku nyingi, na hata Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huzikumbusha nchi zinazotaka nyuklia kwa mara ya kwanza: mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi yako. Sasa chukueni kalamu. Mwaka 2025 mahitaji ya Kenya jioni, yakiwa juu kabisa, yalipita megawati 2,300. Sehemu ya kumi ni 230. Turkana ikivuma sana inapita hapo, na mmeona kilichotokea. Usiku wa manane mahitaji hushuka karibu nusu. Uyombo ilipangiwa megawati 1,000.

Mnaona tunapoelekea?

Watu wa Uyombo walipopinga, walizungumzia bahari, Mkondo wa Mida na mikoko yake, msitu wa Arabuko-Sokoke, samaki, na makaburi ya wazee wao. Walipeleka malalamiko Seneti, na Mei 2024 waliandamana na kukabiliwa na polisi. Waliambiwa kwamba wanazuia maendeleo, kwamba nchi inahitaji umeme na wao wanataka giza. Sikusikia mtu akiwajibu swali ambalo lingefaa kuulizwa kwanza: kinu hicho kikijikata ghafla usiku, na kila mtambo hujikata siku moja, nani atashika mkokoteni? Watetezi wake wana jibu, na nitawatendea haki: kinu kilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2034, mahitaji yatakuwa yamekua, tutakuwa tumeunganishwa zaidi na majirani, na siku hizi kuna vinu vidogo. Yawezekana. Lakini yote hayo yanategemea laini ambazo hazijajengwa. Mwaka 2025 serikali iligeuza macho na kuuelekeza mradi huo Siaya. Ndugu zetu wa Ziwani nao waulize swali hilohilo.

Na si mara ya kwanza kwa Pwani kuletewa jitu. Kwasasi, Lamu, ilipangiwa mtambo wa makaa ya mawe wa karibu megawati 1,000, hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019. Ukitazama miradi hii miwili pamoja unaona tabia moja ya wapangaji wetu: mtambo mkubwa una jiwe la msingi, una utepe wa kukatwa, una picha ya kiongozi akiwa na kofia ya plastiki. Laini ya pili ya kusaidia laini ya kwanza haina utepe. Kuosha vikombe vya kaure hakuna picha. Ndiyo sababu hakufanyiki.

Simaanishi kwamba hatuhitaji mitambo mipya. Tunaihitaji, jioni akiba ni finyu na Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme saa za jioni kwa sababu hautoshi. Lakini tazameni hesabu nyingine: katika mwaka wa fedha 2023/24, karibu asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power haukulipiwa na mtu, ama ulipotea kwa joto kwenye nyaya ndefu zilizochoka, ama uliibwa. Karibu robo. Kabla ya kuniletea kinu, nirudishie hata nusu ya hiyo robo.

Pesa za laini zinatoka wapi, hilo ni gumu kweli, na Oktoba 2024 tuliona ugumu wake. Serikali ilitia saini na kampuni ya Adani ya India ijenge laini kadhaa kwa takriban shilingi bilioni 95 na kuziendesha kwa miaka 30. Mahakama Kuu ikausimamisha mkataba, na Novemba Rais akaufuta baada ya mwenye kampuni kushtakiwa Marekani. Wengi tulishangilia kwa kuwa mkataba ulikuwa umefichwa fichwa. Laini hata hivyo bado zilihitajika siku iliyofuata.

Basi tufanye nini, sisi tusio na saini wala bilioni? Mambo ni machache lakini yana uzito. Wawakilishi wenu wakija na mkutano wa kawi, msiulize tu stima itafika lini. Ulizeni transfoma iliyopo inabeba nyumba ngapi, ina ukubwa gani, na itaongezewa nguvu lini. Ulizeni laini inayotuhudumia itakaguliwa lini kabla ya masika. Nchi ikizima, dai liwe ripoti kamili ya hadharani, yenye saa na dakika, itolewe na mtu ambaye si Kenya Power wala si mwenye mtambo. Mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, ipo, na kazi hiyo ni yake.

Na huku nyumbani: waya ukianguka chini, hata kama hauna cheche, msiusogelee na mzuie watoto. Transfoma ikivuja mafuta, ikinguruma kuliko kawaida, au mkiona gari lisilo na alama likiwa chini yake usiku, pigeni simu. Stima ikipotea, kila nyumba iripoti yenyewe, msimwachie mwenye duka peke yake, kwa sababu hitilafu iliyoripotiwa na mtu mmoja inasubiri na iliyoripotiwa na watu hamsini inapata gari. Ombeni namba ya kumbukumbu ya ripoti na muiandike kwenye karatasi. Bila namba hiyo, ukienda kudai friji yako iliyoungua huna ushahidi kwamba stima iliwahi hata kupotea. Namba ya Kenya Power ya kuripoti ni 97771, au bonyeza *977# kwenye simu yako, hata ile ndogo isiyo na intaneti.